Mazishi ya Alhamisi

"Shikilia vizuri, inateleza," Mpwa alisema.

"Nimeshikilia. Msumeno wako ndio unaotangatanga," mpiga picha akajibu. "Ukinikata kidole, kamera ataishika nani?"

"Una vidole vingine. Kamera inabonyezwa na kimoja tu."

Walikuwa kwenye chumba cha chai. Helmeti ya pikipiki ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya magazeti ya jana, na unga mweusi wa plastiki ulikuwa umetapakaa mezani mpaka kwenye bakuli la sukari. Nilisimama mlangoni na kikombe changu kitupu, nikasubiri zamu yangu ya birika. Msumeno wa chuma ulilia, ukakwama, ukalia tena, kisha helmeti ikaachia ghafla na kulala vipande viwili.

Sote watatu tukainama kuangalia.

Helmeti ya kweli ina tabaka nene la ile sponji nyeupe ngumu inayowekwa kwenye boksi la televisheni mpya. Tabaka hilo ndilo linalopokea pigo kwa niaba ya kichwa. Hii iliyokuwa mezani ilikuwa na kadibodi iliyokunjwa, juu yake sponji laini ya godoro, na juu ya sponji kitambaa cheusi kinachong'aa, kimeshonwa vizuri sana. Nyuma yake ilibandikwa stika ya ubora ya serikali. Mpwa alikuwa ameshaiingiza namba ya stika hiyo kwenye mfumo wa mamlaka ya viwango, na jibu lilikuja kwamba ni halali.

"Hata mayai hayasafirishwi hivi," mpiga picha akasema. Alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Akachukua kamera.

Mpwa akaniona. "Shikamoo, Mhariri."

"Marahaba. Na sukari hiyo?"

"Nitaisafisha."

"Sukari haisafishwi, mwanangu. Inamwagwa."

Akatabasamu kidogo, akarudi kwenye vipande vyake.

Inabidi nieleze hapa habari ya majina. Huyu binti ni mtoto wa kaka yangu. Alipoajiriwa gazetini, kwenye dawati la michezo, nilimvuta kando pale getini nikamwambia kwa sauti ya chini: hapa ndani hakuna shangazi wala mpwa, niite Mhariri kama wanavyoniita wengine. Alinisikia na akatii. Kwa bahati mbaya mwandishi wetu mkongwe naye alinisikia, yule tunayemwita Redio kwa sababu sauti yake huanza kazi asubuhi na haizimwi mpaka jioni. Kufika mchana jengo zima lilikuwa linaniita Shangazi, pamoja na mlinzi wa getini ambaye kwa umri angeweza kuniita mdogo wake. Na yeye akawa Mpwa. Hadi leo, mtu pekee katika jengo lile asiyeniita Shangazi ni yule ambaye mimi ni shangazi yake.

Miezi michache iliyopita aliomba kuhamia kwetu, dawati la uchunguzi. Sikumpigia debe. Alikuja kwa majaribio kama wanavyokuja wote, na sharti la majaribio linajulikana: kabla muda haujaisha, ulete habari itakayotoka hai kwenye kikao cha Alhamisi. Ikitoka hai, unabaki. Ikifa, unarudi ulikotoka. Siku ile ya msumeno ilikuwa Alhamisi yake ya mwisho.

Kikao chenyewe tunakiita Mazishi. Nilikikuta kikiitwa hivyo, na sijawahi kujua nani alikianzisha. Sisi ni wachache, na habari moja ya uchunguzi inaweza kula nusu mwaka. Kwa hiyo kila habari tunayoichagua ina maana ya nyingine nyingi tulizoziacha. Watu wa nje hudhani tunachagua kama mtu anavyochagua embe sokoni, kwa kubonyeza na kunusa. Sisi tunafanya kinyume. Mwenye habari anasimama mbele ya ubao, na kazi yake ni kuizika. Anatakiwa aseme kila kitu kinachoifanya habari yake isifae, akianza na kibaya kuliko vyote. Haruhusiwi kuisifia hata kwa neno moja. Akimaliza, tunauliza kama kuna wa kuiokoa. Mtu mwingine akisimama kuitetea, tunaendelea. Asiposimama yeyote, kadi inang'olewa ubaoni na kuingia kwenye droo.

Wageni wengi huona ni mchezo wa ajabu. Lakini habari ikishatoka, watakuja watu waliolipwa vizuri kutafuta tundu lake. Sisi tunataka tuwe tumelipata mapema, na tumelipata kwa mdomo wa yule anayeipenda zaidi. Kuna wanaodanganya. Wanataja udhaifu mdogomdogo, kwamba safari ni ya mbali au msimu ni wa mvua, na kile kikubwa wanakikalia. Hao huwa hatukai nao muda mrefu.

Na mimi Alhamisi ile nilikuwa na jambo langu tumboni.

Kaka yake Mpwa alikuwa mwendesha pikipiki wa abiria. Mwaka uliopita aliteleza kwenye kona yenye mchanga, akaangukia ukingo wa barabara. Alitoka hospitali akiwa mzima, ila sikio la kushoto halisikii na kichwa kinamzunguka akisimama haraka, kwa hiyo pikipiki aliiuza. Sasa anatengeneza simu kwenye kibanda. Helmeti yake ilipasuka kama sahani. Wifi yangu, mama yao, ameihifadhi uvunguni mwa kitanda, na kila mgeni anaonyeshwa. "Mwanangu alikuwa amevaa," husema. "Alikuwa amevaa na amefunga. Mwangalie sasa."

Kwenye kadi ya Mpwa jambo hilo halikuwepo. Kadi ilisema: *Stika za kweli, helmeti za uongo.* Basi. Nilikuwa nimeisoma tangu Jumatatu, nikasubiri aniambie, hakuniambia. Sikumuuliza, kwa sababu kumuuliza kungekuwa kumfundisha jibu. Nikajipangia kwamba akimaliza kuizika habari yake bila kumtaja kaka yake, nitamtaja mimi, mbele ya wote. Nilijua hapo ndipo atakapofungasha vitu vyake kurudi michezoni, na nyumbani kwa kaka yangu nitakuwa mgeni kwa muda mrefu.

Tukaingia chumbani. Zamani kilikuwa stoo ya karatasi za mtambo, hakina dirisha la nje, ila kioo kimoja kinachotazama ukumbi. Tulikuwa watano: mimi kwenye kiti cha mwenyekiti, Redio, mpiga picha, Mpwa, na Wakili. Wakili ni mwanamke mwembamba, mpole kwa sauti na mkali kwa kila kitu kingine. Huja kila Alhamisi na kalamu nyekundu, na katika miaka yote niliyomjua alikuwa hajawahi kuiokoa habari hata moja. Anasema kazi yake ni kutuweka nje ya jela, na habari salama kuliko zote ni ile ambayo haikuandikwa.

Redio alianza. Kadi yake ilikuwa inavutia kuliko zote ubaoni: gari la wagonjwa la hospitali ya mkoa lilikuwa linabeba nyanya na vitunguu kupeleka hotelini kwa mkubwa mmoja, na lilikuwa likiwasha king'ora ili lipishwe barabarani. Video ilikuwepo, na ndani yake kreti la nyanya limelazwa juu ya machela, limefungwa mkanda kama mgonjwa.

"Wapendwa wafiwa," Redio akaanza, "tumekutana hapa kwa huzuni."

"Ufupishe," Wakili akasema.

"Marehemu alikuwa na sura nzuri, na hiyo ndiyo shida yake. Video hii ninayo mimi. Anayo muuza vocha wa pale kituoni. Anayo shemeji yake. Aliyenipa mimi alipewa na mtu asiyemjua. Dereva hataki kuongea. Hoteli sijui kwa hakika ni ya nani, ninajua watu wanasema ni ya nani. Na mkubwa mwenyewe atasema dereva alifanya kwa akili zake, dereva atafukuzwa, na nyanya zitaendelea kusafiri kwa gari lingine."

Akakaa. Nikauliza kama kuna wa kuiokoa.

"Mimi!" mpiga picha akasema. "Jamani, nyanya zimefungwa mkanda! Watu watalizungumza hilo mpaka Krismasi. Kwa hii, gazeti litaisha kabla ya saa nne."

"Kuzungumzwa litazungumzwa," nikasema. "Tusipoifanya sisi, ataifanya nani?"

Ni swali ambalo huwa tunauliza kila wiki, na kwa kawaida hulijibu kwa kubishana. Safari hii simu ya mpiga picha ndiyo iliyojibu. Ilitetemeka mezani, akaitazama, akainyanyua, uso ukamshuka. Akaigeuza tuone. Kreti la nyanya lilikuwa linapita kwa king'ora kwenye ukurasa wa kituo kimoja cha runinga, na chini yake watu walikuwa wameanza kuandika vichekesho.

"Loo," Redio akasema. "Majirani wamezika kabla wafiwa hatujavaa."

Tukacheka wote, na yeye akacheka kwa sauti kuliko sisi. Lakini nilimwona akiikunja kadi yake mara mbili, kisha akaikunja tena mpaka ikakataa kukunjika. Alikuwa amelala mara kadhaa nje ya hospitali ile kwa ajili ya nyanya hizo.

"Mpwa," nikasema.

Akasimama. Hakwenda mbele ya ubao kama wengine, alisimama palepale penye kiti chake, mikono nyuma. Nilimwangalia kifungo cha juu cha shati lake ili nisimwangalie usoni.

"Udhaifu wa kwanza wa habari hii ni mimi mwenyewe," akasema. "Kaka yangu alianguka na helmeti ya aina hii. Ameumia. Ndiyo sababu nilianza kuitafuta. Mtu yeyote akitaka kusema ninalipiza kisasi kwa kutumia gazeti, ana pa kuanzia."

Nilihisi pumzi ikinitoka, na nadhani ilisikika. Redio akanigeukia. "Kaka yake. Maana yake ni nani wako, Shangazi?"

"Mtoto wa kaka yangu."

"Basi hapo kwenye kiti hukai."

Ni kweli, nisingeweza. Nikainuka, Redio akaja kukaa nilipokuwa nimekaa, mimi nikaenda kwenye stuli ya pembeni, karibu na mashine ya kuchapisha. Nikauliza kama nitoke kabisa.

"Kaa," Wakili akasema, "lakini hapo ulipo wewe ni fanicha. Hukubali, hukanushi, hukohoi kwa maana."

"Hata chafya tutaihoji," Redio akaongeza. Kisha akajikohoza, akabadilika. Si watu wengi wanaojua kwamba Redio ana sauti ya pili, ya chini na ya taratibu, ambayo huitumia anapokuwa na kazi ya kweli. "Endelea, binti. Cha pili."

"Cha pili," Mpwa akasema. Tulisikia mtu akipita ukumbini na viatu vinavyolia. "Kaka yangu hakuwa amefunga mkanda wa kidevuni."

Akatutazama mmoja mmoja, akaendelea.

"Kila mtu nyumbani anajua alikuwa amefunga. Amesema hivyo tangu siku ile. Juzi nilikwenda kibandani kwake nikamwambia ninataka kuipeleka habari hii Alhamisi, na kwamba nitaulizwa, na nikamwomba anieleze upya kama hanijui. Akaniambia joto lilikuwa kali, mkanda ulikuwa unamwasha, alikuwa ameufungua tangu mchana. Helmeti ilimtoka kabla hajagonga chini. Ilipasuka yenyewe, kwenye jiwe, yeye akiwa pembeni. Kwa hiyo sina ushahidi kwamba helmeti ndiyo iliyomuumiza. Sina hata ushahidi kwamba ingemwokoa ingekuwa nzuri."

Nilikuwa silijui hilo. Nimekaa kwenye kochi la wifi yangu sijui mara ngapi, nimeishika helmeti ile mikononi, nimepitisha kidole kwenye ufa wake. Sikuwahi kuuliza mkanda ulikuwaje, kwa sababu aliyeniambia ulikuwa umefungwa alikuwa ni mama, na analia. Mimi ndiye ninayewafundisha vijana kuuliza swali moja mara mbili.

Nilikuwa pale kwenye stuli na maneno yamenijaa mdomoni. Nilitaka kuwaambia hawa watu: mnamwona? Mnaona alichofanya? Nikaitazama mashine ya kuchapisha. Taa yake ilikuwa inawaka ya njano, karatasi zimeisha.

"Kaka yako anajua kwamba unasema haya hapa?" Wakili akauliza.

"Anajua. Alisema nimwambie yeyote ninayetaka, ila mama atamwambia mwenyewe."

"Kuna cha tatu?"

"Kipo. Muuza duka anayeniambia stika zinatoka wapi alikuwa akinijibu mpaka jana. Leo simu yake imezimwa."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akakaa. Redio akatazama kadi ubaoni, akawatazama wenzake, akauliza kama mwongozo unavyotaka. "Kuna wa kuiokoa?"

Mpiga picha akafungua mdomo, akaufunga. Yeye ndiye aliyeshikilia helmeti asubuhi, nadhani aliona haya kurukia ya pili baada ya nyanya zake. Redio mwenyewe alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti haokoi. Mpwa alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake, polepole, akizipanga pembe kwa pembe kama mtu anayejiandaa kuondoka kwa heshima.

Ndipo kalamu nyekundu ikainuka.

Redio hakuamini. "Wakili, unakuna kichwa au unaomba kuongea?"

"Ninaomba kuongea. Na usinitangaze." Akamgeukia Mpwa. "Mtoe kaka yako. Mtoe kabisa, kama hakuzaliwa. Kimebaki nini?"

Mpwa akafikiri. Hakukimbilia jibu. "Kadibodi," akasema. "Mkanda ufungwe usifungwe, ndani ni kadibodi. Na stika. Mtu hawezi kuitengeneza stika yenye namba halali mtaani. Imetoka ofisini. Kila mwendesha pikipiki anayekaguliwa barabarani anaambiwa aonyeshe stika hiyo. Wanalazimishwa kununua kitu, na kitu chenyewe ni boksi la viatu."

"Wengine walioumia?"

"Nimewasikia. Sijawathibitisha."

"Umesema vizuri. Helmeti zenyewe umenunua wapi?"

"Maduka tofauti. Ninazo risiti."

"Zikoje sasa hivi?"

Hapo Mpwa na mpiga picha wakatazamana. "Zote ni nzima," Mpwa akasema, "isipokuwa moja. Tumeikata."

"Tumeikata nani? Wapi?"

"Mimi. Na msumeno. Kwenye meza ya chai."

Wakili akafumba macho. "Kwa hiyo siku moja nitasimama mbele ya hakimu, na bwana mmoja mwenye tai nzuri ataniuliza nani aliifungua helmeti hii kwa mara ya kwanza, nami nitasema: ni dada wa majeruhi, mheshimiwa, karibu na bakuli la sukari."

"Tulitaka kuona ndani," mpiga picha akasema kwa unyonge.

"Mkiwa na hamu ya kukata vitu, kateni mkate. Hiyo imekufa. Izikeni nayo." Akafumbua macho. "Na zile nyingine alizinunua yeye, kwa hiyo nazo zinachechemea. Mtaanza upya. Atanunua mtu mwingine, asiye na ndugu kwenye jambo hili, mbele ya shahidi. Zitafungwa palepale dukani na hazitafunguliwa mpaka maabara, na maabara iwe mbili, zisizojuana. Mkipata kadibodi huko, ninayo kesi. Msipopata, mnayo droo." Akaweka kalamu chini. "Ninaiokoa. Andika hivyo."

"Niandike na sababu?" Redio akauliza. "Vizazi vijavyo vitataka kujua."

"Sababu ni mkanda." Alilisema hilo kama mtu anayetaja bei ya kitu, bila kupandisha sauti. "Nisingeujua kamwe. Wale wenye tai wangeujua."

Redio akaitoa kadi ya Mpwa ubaoni, akaibandika upande wa kulia, ambako huwa kuna nafasi ya kadi moja tu. Kisha akageuka, bado kwa ile sauti yake ya chini.

"Sharti lake unalijua. Habari yenye ndugu yako huiongozi. Nitaiongoza mimi, na jina la juu litakuwa langu. Wewe utafanya kazi chini yangu, na mahali ambapo kaka yako anagusa, hugusi. Msomaji ataambiwa wazi kwamba kwenye dawati kuna mwenye ndugu. Na Shangazi hahariri hata koma. Itakwenda kwa mhariri wa habari."

"Sawa," Mpwa akasema.

"Ni habari yako. Umeitafuta wewe."

"Najua. Sawa."

Sikuona akisita, na nilikuwa ninamtazama sana. Kuna waandishi wakongwe ambao nimewaona wakitupa kadi zao kwenye droo kwa hiari yao kuliko kuona jina la mwenzao juu yake.

"Na huko michezoni," Redio akasema, sauti yake ya kwanza ikimrudia, "watafute mtu mwingine wa kuhesabu kona. Kikao kimefungwa. Shangazi, unaweza kukohoa."

Nilitoka nikaenda kusimama ukumbini, karibu na ngazi, kwa sababu sikutaka waone uso wangu ulivyokuwa. Sijui niuiteje. Nimesikia habari zetu zikisomwa bungeni, nimewaona watu wakubwa wakijiuzulu kwa sababu ya ukurasa tulioupanga sisi, nami nikafurahi kama wanavyofurahi watu. Hii ilikuwa fahari ya namna nyingine. Ilikuwa imekaa kifuani mahali ambapo hata chai ya moto haifiki.

Simu yangu ikaita. Alikuwa kaka yake Mpwa.

"Shangazi, amesema?"

"Amesema."

"Na mkanda?"

"Na mkanda."

Kwa nyuma nilisikia mteja wake akilalamika kwamba kioo cha simu kimewekwa upande. Alikuwa ameiweka simu kwenye sikio la kulia, lile linalosikia. Nilijua, kwa sababu hakuniambia nirudie.

"Wameichukua habari?" akauliza.

"Wameichukua. Kwa sababu ya huo mkanda wako."

"Kumbe nimekuwa na faida." Akacheka, halafu kicheko kikaisha mapema. "Basi leo jioni ninakwenda kwa mama. Ukija Jumapili ukakuta nimefukuzwa, utanipokea?"

"Nitakupokea. Utalala sebuleni."

"Sebule yako ina mbu."

"Utafunga neti," nikasema. "Na kufunga utafunga kweli."

"Ah, Shangazi! Hata jua halijazama mmeshaanza!"

Nikamsikia akimwambia mteja asubiri, akakata.

Niliporudi, mlango wa chumba chetu ulikuwa umefungwa. Kwa kioo niliwaona Redio na Mpwa wameinamia ramani ya mji, wakichagua maduka. Binti alikuwa anaonyesha kwa kalamu, Redio anabisha, yeye anaonyesha tena palepale. Nikagonga nikafungua kidogo.

"Shangazi, samahani, toka," Redio akasema bila kuinua kichwa. "Hii si yako."

"Nimefuata kikombe changu."

"Kikombe chukua. Masikio yaache mlangoni."

Nikachukua kikombe. Mpwa aliinua macho. Alikuwa na unga mweusi wa plastiki kwenye nyusi, umekaa hapo tangu asubuhi, na katika kikao chote hakuna aliyemwambia.

"Mhariri," akasema, "kesho maduka yanafunguliwa saa mbili. Redio atanunua na mpiga picha atashuhudia. Mimi nitabaki hapa kutafuta hao wengine walioumia, nianze upya kwa kila mmoja."

"Usiniambie mimi," nikasema. "Mimi ni fanicha."

"Nilikuwa ninaaga tu."

"Futa nyusi."

Akapitisha kiganja, unga ukahamia shavuni. Nikafunga mlango.

Chumba cha chai kilikuwa vilevile walivyokiacha. Vipande viwili vya helmeti vilikuwa mezani, kadibodi ikichungulia. Sikuvigusa, havikuwa vyangu kugusa, na Wakili angetaka kujua nani alivisogeza. Lakini bakuli la sukari halikuwa kwenye kesi yoyote. Nikaimwaga sukari ile, nikaliosha bakuli kwa maji ya moto, nikalikausha, nikaliweka rafuni. Dukani kwa jirani sukari ilikuwa imewaishia. Nikaandika kwenye kipande cha gazeti, nikakibana chini ya birika: *Kesho anayetangulia anunue sukari.*